Njia ya Mbio Imepanda Tena

Kianda, Kibera

Kaka Lazarus,

Natumai wewe na Mama mnaendelea vyema. Huku tuko salama. Biashara ya dada yetu Akeyo pale Soko la Toi imechangamka, naye ameshamwandalia Mama chumba cha kuhamia kwake, mtaani Kawangware 46 hapa Nairobi.

Waandaaji wa zile mbio za kila mwaka huko ziwani wameniomba niandike historia yazo. Mwanzoni wakimbiaji walipita ufuoni. Ziwa lilipofurika, njia ilihamishiwa nyuma ya soko, na maji yalipozidi kupanda, kwenye barabara ya kanisa. Mwaka huu itapita kilimani, nyuma ya boma letu. Kwa mara ya kwanza, nyumba ya Mama imeachwa upande wa maji.

Nilimpigia simu nikamweleza hayo yote kwa utaratibu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Amondi, wewe uliyesoma, hicho chumba cha kupanga kina nafasi ya kaburi la baba yenu?"

Kwa hiyo sikuombi tena umshawishi ahame. Nakuomba tu ulale kwake msimu huu wa mvua, na maji yakiingia umbebe, hata akikutukana.

Dada yako,
Amondi