Maelezo ya Nyongeza Kuhusu Gesi ya AC na Jicho la Shemeji

Shahidi: anajulikana mtaani kwa jina la Injinia
Umri: miaka 46
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyuma ya shule ya msingi
Yameandikwa: Jumanne, tarehe 17, saa 4:10 asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Jumamosi pia nilionywa hivyo hivyo.

Mimi ni mshonaji wa suti. "Injinia" ni jina alilonipa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, baada ya kumtengenezea pasi ikamuunguzia suruali mbili. Alikuwa ananitania, lakini mimi nililipenda.

Wiki iliyopita fundi wa AC wa mtaa wa pili alijaza gesi kwenye gari langu. Akaniambia kondensa inavuja taratibu, ibadilishwe. Kondensa inafanana na rejeta na inakaa mbele yake. Nilimwambia nitaibadilisha mwenyewe nyumbani. Alicheka kidogo, akasema, "Sawa, ila mabomba usiguse mpaka nije na mashine ya kuvuta gesi." Tulikubaliana aje Jumamosi saa nane mchana.

Mnamo tarehe 14, Jumamosi, saa 3:00 asubuhi, nilianza kazi uani kwangu. Sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilitaka fundi akija akute nimemaliza.

Saa 4:30 nilikuwa nimeshatoa bampa. Shemeji akatoka ndani na kikombe cha chai, akasema, "Leo sindano imegeuka spana?" Nikamwomba anisaidie kufungua nati ya bomba la chini, maana kitambi changu kilikuwa hakipiti pale. Akalala juu ya gunia, uso ukiwa karibu na bomba, akauliza kama gesi imo. Nikabonyeza valvu kwa bisibisi. Ikapiga mluzi kidogo, vidole vikapata baridi, nikaachia. Nikamwambia imeisha. Akasema, "Mpigie fundi kwanza, Injinia. Kuuliza si ujinga."

Saa 4:50 nilimpigia fundi. Katika maelezo yangu ya Jumamosi nilisema fundi alitamka, "Gesi imetoka." Ni kweli alitamka maneno hayo, sikuongeza wala kupunguza hata moja. Lakini alikuwa anauliza.

Aliuliza, "Gesi imetoka?" Nikamjibu, "Imetoka, fundi." Akasema, "Haya, lakini usifungue, nakuja kupima." Nikakata simu. Shemeji akauliza kutoka kule chini, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema gesi imetoka." Nilijua ninachofanya. Niliona aibu kumwambia tumsubiri fundi wakati nilikuwa nimeshajitapa kwamba kazi naiweza.

Shemeji alizungusha spana mara mbili. Gesi ikafyatuka, nyeupe, ikampiga usoni. Alikaa kitako, akashika jicho la kushoto, akasema, "Injinia, sioni." Nilimwagia maji mpaka ndoo ikaisha. Hospitali wamesema jicho limeunguzwa na baridi ya gesi na huenda lisione tena.

Saa 7:20 mchana mke wangu alifika hospitali. Akaniuliza pale kwenye korido, "Nani alimwambia afungue?" Nikasema, "Fundi." Lilinitoka kabla sijafikiri, na lilipokwisha toka sikulirudisha. Saa 10:00 jioni nikaja hapa nikalirudia mbele ya afande. Saa 11:30 fundi akakamatwa. Mpaka leo yuko ndani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika siku ya nne. Kila asubuhi mke wa fundi anapita mbele ya cherehani yangu akiwa amebeba chupa ya chai ya kumletea mumewe hapa kituoni. Jana alisimama akaniambia, "Pole na mgonjwa, kaka. Mungu atamponya." Nikasema ahsante. Alipoondoka nilishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Jana jioni shemeji, jicho likiwa limefungwa, aliniambia, "Yule fundi simsamehe mpaka nakufa." Nilikuwa nimekaa kitandani pake, namshikia bakuli la uji. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile sikuweza kulala nayo.

Fundi hana kosa. Aliyemwambia shemeji afungue ni mimi. Mke wangu hajui kama niko hapa, anadhani nimekwenda kununua vifungo. Nikitoka nitamwambia, kisha nitakwenda kwa shemeji.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Nimesomewa na nimekubali. Nimemwomba afande, pale fundi alipouliza, aweke alama ya kuuliza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afande: Nimeandika kama alivyosema. Shahidi ameelezwa kwamba atafunguliwa shauri la kutoa taarifa ya uongo, na kwamba aripoti Alhamisi saa mbili asubuhi. Fundi ameachiwa saa 5:05 na amekaa kwenye benchi la mapokezi akimsubiri mkewe. Shahidi aliuliza kama anaweza kutokea mlango wa nyuma. Nilimjibu kwamba kituo hiki kina mlango mmoja.