Gunia la Mvua ya Mawe

Nanzala, Baba amenichosha! Leo tena, mbele ya wakwe zangu, amesimulia ile stori ya 1983, mwaka wao wa kwanza Eldoret kutoka Wajir.

Ati mvua ya mawe ilinyesha mpaka uwanja ukawa mweupe pe. Mama, mimi nikiwa mgongoni nalia baridi, akajaza gunia hayo mawe ya barafu, akampa Baba apeleke na lori hadi kwenye joto la Wajir, nyanya ajionee.

GUNIA, Nanzala! Wakwe walicheka mpaka machozi.

Mama akaweka kikombe chini. "Baba Hodan, hilo gunia ulilibeba wewe mwenyewe. Ulijua yatayeyuka. Mbona hukuniambia?"

Miaka arobaini! Na unajua alijibu nini? Akageukia wageni akauliza kama sukari imetosha.