Majina ya Omdurman

Alhamisi, 13 Aprili 2023

Swaumu imenishika leo. Daktari Abdulhadi wa chuo cha Omdurman amefundisha saa mbili mfululizo kwa mtandao, naye kafunga vilevile, na joto la Sudan si la mchezo. Somo: malaria kwa wajawazito. Wauguzi wetu kumi na wanne wote walikuja, Gladys wa Ganze mbele kabisa. Mtandao ulikatika mara mbili tu – kwa kituo chetu cha Malindi hiyo ni neema.

Chuo chao hutuletea uuguzi, sisi huwapelekea masomo ya maabara. Na kila chuo humwekea mwenzake nakala ya vitu vyake. Nakala yao huingia kila Alhamisi kwenye seva, ile mashine ya chumba cha nyuma ninayoitunza. Leo imekuwa ikipokea tangu alasiri. Sijui wametuma nini, kizito hivi.

Jumamosi, 15 Aprili

Vita Khartoum na Omdurman! Nilisikia redioni nikikaanga sambusa. Nimempigia Daktari mara tisa. Hapatikani. Sambusa zimeungua zote.

Alhamisi, 20 Aprili

Wanafunzi wamekuja. Hakuna aliyewaambia wasije, nami sikuwa na moyo. Wakakaa mbele ya skrini tupu nusu saa. Gladys akauliza kama mwalimu ana watoto. Hakuna ajuaye! Mwaka mzima anatufundisha.

Nikawafungulia somo lake la zamani, la mama kuvuja damu akishajifungua. Sauti ikajaa chumbani. Mmoja akatoka nje, hakurudi.

Jumanne, 9 Mei

Nimeifungua ile nakala. Kumbe si masomo pekee. Ni wanafunzi 2,316 – majina, maksi za miaka yote, simu, mtaa na nyumba. Mtu alivituma vyote siku mbili kabla ya vita. Na ofisi za chuo, yasemekana, zimeungua.

Basi ushahidi kwamba watu hawa walisoma uko Malindi, kando ya ndoo ya deki. Mlango ule sijawahi kuufunga. Leo nimeutia ufunguo.

Jumatatu, 22 Mei

Barua pepe kutoka kwa msichana aitwaye Lubna. Alimaliza uuguzi Omdurman mwezi wa pili, cheti hakijatoka. Sasa yuko Kairo na mamake. Hospitali moja iko tayari kumwajiri, ila ionyeshwe matokeo. Anwani yetu aliikuta kwenye masomo ya Daktari.

Nikamtafuta kwenye seva. Yupo. Uzazi, themanini na moja.

Nikaenda kwa mkuu wa kituo, Bwana Mwaura. Akasema hatuwezi kuthibitisha masomo ya chuo cha watu. Karatasi isiyo na mwenyewe ni karatasi tu. Kisha akanieleza jambo ambalo hajaligusa kwa miaka minne niliyofanya kazi naye: vyeti vyake vyote viliungua na nyumba kule Bonde la Ufa, kwenye ghasia za uchaguzi, 2008. Hakuna aliyemwandikia barua. Akaja huku, akauza maji stendi, akarudia masomo tangu mwanzo, vitabu vikimjia kwa posta.

Nikadhani hapo atalegea. Akafunga faili. "Utaratibu ni utaratibu, Raihana."

Jumatano, 24 Mei

Nimemtumia Lubna. Matokeo, barua, na namba ya simu ya kituo, hospitali ikitaka kuhakikisha. Jina langu chini. Bwana Mwaura hajui.

Ijumaa, 2 Juni

Daktari Abdulhadi amepiga! Yu hai. Yuko kijijini kwa wakweze, karibu na Wad Madani. Ana mabinti watatu – nitamwambia Gladys. Sauti imedhoofu, ni kama ya mtu mwingine.

Akauliza kama nakala ya mwisho ilifika. Nikamwambia imefika yote. Alhamdulillahi, akasema. Ni yeye aliyeituma, bila idhini ya mtu. Roho yake haikutulia wiki ile, basi.

Kisha akasema: "Ukhti Raihana, usimpe mtu majina yale. Hata akija na muhuri wa chuo. Kuna watu wanatafuta vijana nyumba kwa nyumba."

Nikauliza ni watu gani. Laini ikakatika. Nimejaribu hadi magharibi.

Nami la Lubna nimeshalitoa. Lake peke yake, na alitaka mwenyewe. Hata hivyo.

Alhamisi, 8 Juni

Muhuri umekuja. Barua ya mtu anayejiita mkuu wa kitivo huko Omdurman, anataka orodha nzima pamoja na makazi. Bwana Mwaura amefarijika: mwenye mali kajitokeza, apewe chake, tufute mashine, makao makuu yetu waitumie kwa wanafunzi wapya wa Septemba.

Nikamweleza aliyonionya Daktari. Akaniuliza ushahidi uko wapi. Sina. Nikamwomba tu tuzungumze na huyo mtu kwa simu kabla ya kutuma. Kwa hilo hakubisha. Kesho saa nne.

Nimezunguka nyumba nzima leo, sikai, sili.

Ijumaa, 9 Juni

Tulimsikiliza sote wawili, simu katikati ya meza. Mtu mstaarabu, Kiingereza safi. Hakuuliza wanafunzi wetu wanaendeleaje. Hakumtaja mwalimu hata mmoja. Bwana Mwaura akamuuliza, kwa utaratibu wake, makazi ya wanafunzi ni ya kazi gani. Ya kuwasaidia, akajibu. Tuanze na mitaa miwili hii – akaitaja.

Bwana Mwaura akaacha kuandika. Akanitazama mimi, si simu.

"Pole sana, bwana," akasema polepole. "Mashine hiyo tuliifuta mwezi uliopita. Hatuna hata jina moja."

Akakata. Mtu asiyevuka mstari wa fomu! Nilitaka kumshukuru, akanizuia. Kuanzia leo, akasema, yeyote akiuliza, hatuna kitu. Awe nani, awe wapi. Uongo ukitoboka mahali pamoja umetoboka wote. "Niahidi, Raihana."

Na asubuhi, kabla ya yote hayo, Lubna ameniandikia kwa furaha: hospitali ya Kairo itapiga Jumatatu saa tatu kuthibitisha matokeo yake. Kwa namba ya kituo. Simu hiyo iko mezani kwa Bwana Mwaura.

Nikikiri, habari itavuja, na yule bwana wa mitaa miwili atajua majina tunayo. Nikikana, Lubna ni mwongo mbele ya watu wa Kairo, kwa barua yenye jina langu.

Sikuahidi. Nilisema naenda kuswali adhuhuri, nikirudi tutazungumza. Nimeshaswali. Nimesimama nje ya mlango wake na daftari hili, namsikia ndani akisogeza kiti, nami naandika badala ya kubisha hodi.