Mnyama wa kale wa babu Andwele

Tuse, nakufa! Ile hadithi ya babu na nyayo za mnyama wa kale? Bibi kaianika leo mezani, babu mwenyewe anasikia!

Enzi za Ujamaa, wakiwa wachumba, babu alimpeleka bibi msitu wa Mbizi kutafuta mifupa iliyogeuka mawe. Wakakatiza nyasi, wakaingia msituni, wakatembea weee. Ghafla babu akapiga magoti kwenye tope. Nyayo! Tena zina magamba!

Akaweka mguu wake juu. Ukaenea SAWASAWA. "Stefania, mnyama alikuwa na mguu kama wangu!"

KAMA WAKE, Tuse! Walishapita hapo, wanazunguka tu! Magamba ni alama za kashata za tairi, babu kavaa katambuga, vile viatu vya tairi!

Babu, kijiko mkononi: "Kumbe ulijua?"

Bibi: "Nilijua. Ningesema, si ungenirudisha nyumbani mapema?"