Weupe wa Kwanza

Jumatano, mfungo tatu

Chokaa imenitesa kutwa: ikikauka tu, inabanduka kwenye mbao. Mwishowe vile vinyago vya askari na wanakijiji nilivyoagizwa kuchonga nimevipaka udongo mweupe wa mtoni niliochanganya na gundi ya mgunga, ukashika.

Alasiri Bwana Mkubwa wa boma akaja kuvitazama. Atavipanga juu ya mlima wa udongo alioufinyanga mezani kwake.

"Askari wapake rangi," akasema.

"Na wanakijiji, bwana?"

"Waache hivyo hivyo. Hawatahitaji."

Wamelala pale, weupe, kama waliokwisha kuvikwa sanda.

Nilipovipeleka mezani kwake, ndipo nikautazama ule mlima vizuri. Kile kijito, lile jabali... Ni kwa wajomba zangu.

Njia ya kupanda kule ni moja, na tangu jana ina askari.