Waliokuja Kukuzika, Bi Edith

Bi Edith,

Nakuandikia kwa Kiswahili, nawe hukujua zaidi ya "hodi" na "chai tayari". Nisamehe. Kiingereza changu ni cha dukani na cha kupandia basi, hakitoshi kumlilia mtu.

Chumba chako cha chini ki kitupu. Wanangu wakishuka ngazi bado wananyata wasikuamshe, na mimi siwaambii kitu.

Ulipofariki nilifanya mambo ya Mombasa. Nikapika sufuria kubwa ya wali, nikaazima viti, nikaacha mlango wazi na baridi yote ile, nikangoja mtaa uingie. Kwetu msiba hauna mwaliko. Hata uliyegombana naye jana huja. Loo, hakuja mtu! Wali tuliula mimi na mume wangu Akbar mpaka tukauchoka. Nililia kwa hasira. Umeishi nao umri mzima, halafu uzikwe na Wahindi wapangaji wako na kasisi asiyekujua? Kila nikifikiria unakwenda kaburini bila watu, chakula hakipiti.

Ndipo nikakumbuka ulivyogombea ubunge hapa hapa mtaani kwetu Kilburn ukiwa kijana, wanawake wameruhusiwa juzi tu. Ulipanda mkokoteni wa makaa kuhutubia, wanaume wakakurushia kabichi zilizooza, nawe ukazidi kupaza sauti. Ukawa wa mwisho. Ulikuwa ukinisimulia huku ukicheka: "Nilishindwa, lakini hakuna mlango niliouruka." Na nilipoogopa kwenda kumwombea mwanangu nafasi ya shule, uliniambia kubisha ni kazi yangu, kufungua ni kazi yao.

Basi nikavaa koti nikatoka. Nikabisha mlango baada ya mlango, mimi ambaye tangu tuhamie wengi wao hawajanisalimu. Na jibu likawa moja: walisikia umefariki, lakini hakuna aliyewaalika, wakaona wasijipeleke. Ajabu ya Mungu! Mimi nawangoja waje, wao wanangoja waitwe, na wewe masikini umelala peke yako.

Wakaja, Bi Edith. Si wengi, lakini viti vya mbele vilijaa. Kasisi akauliza nani wa familia atasema neno. Nikasimama mimi, nikawaambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba huyu mwanamke aliwahi kuomba kura kwenye milango yao. Wakatazamana. Hawakuwa na habari.

Pale makaburini yule mzee wa nyumba ya pili, asiyeitika salamu yangu, akanijia akavua kofia. "Mama yangu alimpigia kura," akasema. "Sisi watoto alitunong'oneza. Baba alikufa hajui."

Laiti ungemsikia! Nililia mbele za watu, wallahi, sikuona haya. Miaka yote ile mlipakana ukuta, na hakukwambia. Mpaka leo roho inaniuma.

Lala salama, mama. Ulinipokea mji huu uliponikunjia uso, na sitakusahau. Ukija uchaguzi nitakwenda kupiga kura, ya kwanza maishani mwangu. Nitakwenda nimemshika binti yangu mkono, na baba yake atajua.

Mpangaji wako wa juu,
Shirin