Mashine Isiyoonyesha Sura

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mashine ya maziwa imefika dukani! Boksi zima la stenlesi, linang'aa kama kioo. Mtu akishuka tu stendi ya Buzuruga anaiona. Aliyeifunga ni Elias, yule fundi friji, kwao Nansio. Mikono misafi, sauti ya chini. Kaniita dada Paska mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nimeona.

Mdogo wangu Leokadia nimemkalisha ndani, nyuma ya kile kiukuta. Anaosha vidumu, anachuja. Uso ule, tangu jiko la gesi limlipukie, si wa kuweka kaunta. Nasema ukweli tu. Chakula kinauzwa na macho.

Jumatano, 4 Juni
Balaa. Mama mmoja kaja na binti yake mdogo. Mtoto akatazama ubavu wa mashine, akapiga yowe — "Mama, kuna mtu kwenye maziwa!" Nikageuka. Leokadia! Mzima mzima, na lile shavu lililoyeyuka. Kiukuta kinamficha, mashine inamtoa. Yule mama kaondoka bila kununua. Leokadia akavuta mtandio hadi machoni, akaendelea kuosha.

Nimempigia Elias. Kasema inawezekana kuifanya isiakisi: unaipiga msasa, inabaki na mistari myembamba kama milango ya lifti za benki. Akauliza, kwa nini, mbona inapendeza? Nikamwambia jua linaniumiza macho.

Ijumaa, 6 Juni
Nani asugue? Aliyesababisha. Nimempa Leokadia stilwaya ya masufuria, nikamwambia anza.

Kasugua kwa kuzungusha, kama anaosha sahani. Mabaka matupu! Elias kapita, kashtuka. Kumbe stilwaya inaacha chembe zake, stenlesi inakuja kushika kutu. Na mkono hauzunguki — unakwenda upande mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusita katikati. Yote irudiwe.

Nikamwambia Leokadia mbele yake: hata kusugua hujui. Elias akainama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Jumapili, 8 Juni
Sikufungua duka, ili kazi iishe. Elias kaja bila kuitwa, na msasa na kibao. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani. Kasalimia, kapita moja kwa moja kwenye mashine.

Wakaifuta kwa spiriti. Wakabandika selotepu kwenye kingo na kwenye maandishi. Elias kaviringisha msasa kwenye kibao, akamwonyesha: bonyeza sawasawa, vuta, inua, rudi ulikoanzia. Halafu msasa laini zaidi. Mwisho dodoki la kijani. Leokadia akavuta, akainua. Ubavu ukaanza kufifia, kama maji ya ziwa upepo ukiyapitia.

Nimewapelekea chai. Wanacheka! Sijamsikia Leokadia akicheka tangu atoke hospitali. Mtandio umeanguka mabegani, wala hajali. Na Elias anamtazama usoni, palepale penyewe, kama watu wanavyotazama watu.

Alipoondoka nikamshika Leokadia kidevu, nikamgeuzia upande wa mashine ambao haujaguswa, unaong'aa bado. Nikamwambia, kabla hujajichekesha kwa wanaume, jitazame.

Akajitazama. Hakufumba macho.

"Nimeshajiona, dada. Niache nimalizie."

Bora nimesema. Nani mwingine atamwambia?

Jumatano, 11 Juni
Imekwisha. Lazima nikubali — imetulia, mistari imenyooka, wateja wanapitisha vidole. Ukisimama mbele yake unaona rangi ya nguo tu. Sura hakuna.

Jioni Elias kaja. Kakaa, kazungusha kikombe, kaona haya. Kisha: "Dada Paska, hapa kwenu mtu akiwa na neno, anaongea na nani?" Nikanyoosha gauni. Nikacheka, nikamwambia mimi ni mtu mzima, wazazi wangu hawapo, ongea na mimi mwenyewe.

Akashusha pumzi. "Basi ni habari ya Leokadia."

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia Leokadia vidumu vinanuka. Havikunuka. Kaviosha tena vyote.

Jumamosi, 21 Juni
Elias kapiga simu. Mama yake na baba yake mdogo wanavuka ziwa kesho kutoka Nansio, kuja kujitambulisha. Yeye hatakuwepo, ndivyo desturi ilivyo. Anaomba jambo moja: mama yake hajui habari ya uso. Kila akitaka kumwambia, maneno yanamkwama. "Dada, umwambie wewe, taratibu, kabla hajamwona. Wewe ni mwanamke, utajua namna."

Nikasema usiwe na wasiwasi.

Jumapili, 22 Juni
Wamefika. Nimewaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba. Mama Elias ni mzee mfupi, kaja na kikapu cha machungwa, kakishika mapajani kama mtoto. Kauliza habari za mvua, za biashara. Nafasi ilikuwepo, tena nyingi. Nimezungumza habari za mvua.

Nikaenda jikoni. Leokadia kashika trei ya soda. "Umewaambia?"

"Nimewaambia. Vua huo mtandio, wamekuja kukuona."

Akauvua. Akaenda.

Nimeingia chumbani, nimeketi kitandani na daftari hili. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu. Trei imewekwa mezani. Sasa, nikawaza, sasa atajua dunia ilivyo.

Kisha sauti ya yule mama: "Ni moto?"

"Moto, mama. Gesi."

"Pole, mwanangu. Mbona umesimama? Njoo ukae hapa."

Sofa imelia. Machungwa yanateremshwa sakafuni. Baba mdogo anakohoa, anauliza mbona hawakuambiwa, mtu mzima anashtushwa hivi? Mama Elias anamnyamazisha. Halafu anauliza kwa upole, lakini kila neno linafika huku: "Dada yako alijua tunakuja. Hakuona vema kutuambia?"

Sauti ya Leokadia:

"Ameniambia amewaambia."

Sofa imelia tena. Nyayo — si za Leokadia, hizi zinaburuta, za yule mama. Zinakuja korido, zimesimama mlangoni kwangu. Naweka kalamu.